Min Young-hwan: Afisa wa Kaisari wa Korea na Deni la Nyumba Yake

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika vitabu vya historia twasoma sana habari za wafalme na habari za vita. Ni mara chache tusomapo habari za watu wanaosimama kati ya mfalme na raia, yaani mawaziri, mabalozi, waweka hazina na makarani wakuu. Hata hivyo hao ndio ambao raia huwaona. Mfalme akitoa amri njema na afisa wake akaiharibu, raia hujua ubaya tu. Kwa sababu hiyo nimeona yafaa tujifunze maisha ya afisa mmoja wa Korea, Min Young-hwan, aliyezaliwa mwaka 1861 na kufa mwaka 1905.

Nimemchagua kwa sababu hukumu yake si rahisi. Leo Wakorea wanamheshimu kama shujaa, na mtaa mkubwa wa mji wao umepewa jina lake la heshima. Walakini alitoka katika nyumba iliyochukiwa na wengi, na yeye mwenyewe alishtakiwa kwa kinywa cha wakulima. Basi swali letu ni hili: Je, mtu aliyezaliwa katika nyumba iliyokula haki za watu aweza kulipa deni hilo?

Kabla ya kuendelea, msomaji akumbuke kwamba Wakorea hutanguliza jina la ukoo. Min ni ukoo, na Young-hwan ndilo jina lake mwenyewe.

UKOO WA MIN

Tangu mwaka 1392 Korea ilitawaliwa na wafalme wa ukoo wa Yi. Mwaka 1863 kiti kilipata mfalme mtoto aliyeitwa Gojong, mwenye umri wa miaka kumi na moja. Mama yake Gojong alikuwa binti wa Min Chi-gu. Ndugu yake mama huyo, Min Gyeom-ho, ndiye aliyemzaa Min Young-hwan. Kwa hiyo mfalme na Min Young-hwan walikuwa mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba.

Mwaka 1866 mfalme alioa, na bibi arusi naye alitoka katika ukoo huo huo wa Min. Baba yake malkia alikuwa amekwisha kufa bila mwana wa kiume, na ndugu mwingine wa Min Gyeom-ho, Min Seung-ho, alifanywa mwana katika nyumba ile kwa desturi. Hivyo ukoo wa Min ulishikamana na mfalme kwa upande wa mama na kwa upande wa mke.

Desturi hiyo ya kupokea mwana yatakiwa kuelezwa. Katika Korea ya zamani mtu asiye na mwana wa kiume alihofu kwamba baada yake hapatakuwa na wa kuwatolea wazee sadaka. Kwa hiyo alipewa mtoto wa ndugu yake, naye akawa mwanawe kabisa. Min Young-hwan mwenyewe alitolewa kwa baba yake mkubwa, Min Tae-ho, ili aiendeleze nyumba yake. Basi alikuwa na baba wawili: mmoja aliyemzaa na mmoja aliyemrithi.

Mwaka 1878, akiwa na umri wa miaka kumi na saba hivi, ambao ni umri wa wengi wetu katika Kidato cha Nne, alishinda mtihani wa serikali. Mtihani huo ulikuwa mlango wa kuingilia kazi za dola, na watu wengine waliujaribu mpaka mvi zikaota wasifaulu. Hatuna budi kusema kwamba kijana huyu alikuwa na akili. Lakini hatuna budi kusema pia kwamba mlango wenyewe ulikuwa nyumbani kwao.

MCHELE WENYE MCHANGA

Baba mzazi, Min Gyeom-ho, alikuwa mkuu wa idara iliyopokea na kugawa mchele wa serikali. Mchele huo ndio uliokuwa mshahara wa askari. Siku zile serikali ilikuwa imeunda kikosi kipya kilichofundishwa na ofisa wa Kijapani, nacho kilivishwa na kulishwa vizuri. Askari wa zamani walisahauliwa. Walikaa miezi kumi na mitatu bila malipo.

Mwezi wa Julai 1882 waliitwa wapokee mchele wa mwezi mmoja. Walipofungua magunia waliona mchele umechanganywa na makapi na mchanga. Kila aliyewahi kukaa na ungo akichagua mawe katika mchele aweza kufahamu hasira yao. Na tena hao walikuwa na wake na watoto waliowangoja nyumbani kwa zaidi ya mwaka. Wakagombana na watunza ghala, wakawapiga. Min Gyeom-ho hakuuliza nani aliyetia mchanga. Aliamuru viongozi wa askari wakamatwe.

Ndipo moto ulipowaka. Askari waliivunja nyumba yake, na watu maskini wa mjini wakajiunga nao. Waliingia jumba la mfalme, na huko wakamwua Min Gyeom-ho. Malkia aliponea chupuchupu kwa kutoroka akiwa amejigeuza mavazi. Kisha yakaja madhara makubwa zaidi, maana majeshi ya Uchina yaliingia nchini kutuliza ghasia, na Ujapani nayo ikadai fidia na ruhusa ya kuweka askari Seoul. Mtu mmoja alitia mchanga katika gunia, na nchi nzima ikapoteza sehemu ya uhuru wake.

Min Young-hwan alikuwa karibu kutimiza miaka ishirini na moja. Aliacha kazi, akakaa msibani kwa desturi ya nchi yake. Baadaye aliitwa tena, akapanda cheo haraka, kwa kuwa ukoo wake ulikuwa ungali na nguvu.

NENO LA MKULIMA

Mwaka 1894 wakulima wa kusini waliasi. Chanzo kilikuwa wilaya ya Gobu, ambako mkuu wa wilaya aliwalazimisha watu kujenga bwawa, kisha akawatoza kodi ya maji ya bwawa lile lile walilolijenga kwa mikono yao. Wakuu wa namna hiyo walikuwa wengi kwa sababu vyeo viliuzwa mji mkuu. Aliyenunua cheo alitaka kurudisha fedha yake, na hakuwa na pengine pa kuipata ila kwa mkulima.

Kiongozi wa waasi, Jeon Bong-jun, alikamatwa na kuhukumiwa mwaka 1895. Katika mahojiano aliulizwa ni nani hao wanaouza vyeo mji mkuu. Miongoni mwa majina aliyoyataja lilikuwamo jina la Min Young-hwan. Jeon Bong-jun alinyongwa mwaka huo huo, lakini maneno yake yaliandikwa, nayo yangaliko.

Wengine wakieleza maisha ya shujaa huliruka jambo la namna hii. Mimi naona si vema kuliruka. Jina la baba laweza kumwonea mtoto, maana mtoto hakuchagua baba. Lakini hapa hakutajwa baba, alitajwa mwana.

KUIZUNGUKA DUNIA

Mwezi wa Oktoba 1895 malkia aliuawa ndani ya jumba lake na kundi la Wajapani. Miezi michache baadaye, Februari 1896, mfalme alikimbilia ubalozi wa Urusi na kukaa humo mwaka mzima. Wakati huo mbaya Min Young-hwan alitumwa Moscow kumwakilisha mfalme katika sherehe ya kutawazwa kwa Nicholas wa Pili, tarehe 26 Mei 1896.

Aliondoka Seoul mwezi wa Aprili pamoja na wenzake wachache. Miongoni mwao alikuwamo Yun Chi-ho, aliyejua Kiingereza. Walipita Uchina na Ujapani, wakavuka Pasifiki mpaka Vancouver, wakapita Kanada kwa garimoshi hata New York, wakavuka Atlantiki hata Uingereza, kisha wakapita Berlin na Warsaw hata Moscow. Walirudi kwa njia ya Siberia, mahali pengine kwa garimoshi, mahali pengine kwa meli za mtoni na magari ya farasi, kwa sababu reli ilikuwa haijakamilika. Walipofika kwao mwezi wa Oktoba walikuwa wameizunguka dunia yote.

Huko Moscow lilitokea jambo dogo lenye mafunzo. Wageni walioingia kanisani walitakiwa wawe vichwa wazi. Kwa Mkorea mwenye cheo, kuvua kofia mbele ya watu ilikuwa aibu. Hivyo Min Young-hwan hakuingia, akabaki nje pamoja na wajumbe wengine wa Mashariki ambao nao hawakukubali kuvua vilemba na kofia zao. Msomaji asifikiri kwamba alikuwa mtu wa kukataa kila kitu kigeni. Katika kitabu cha safari yake aliandika habari za viwanda, shule, majeshi na miji ya Ulaya, akaona wazi jinsi nchi yake ilivyochelewa. Mwaka 1897 alitumwa tena, safari hii London, katika sherehe ya miaka sitini ya utawala wa Malkia Victoria. Mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, Gojong alijitangaza kuwa Kaisari, na nchi ikaitwa Dola ya Korea.

MALIPO YA KWANZA

Naona hapa ndipo maisha ya Min Young-hwan yalipogeuka. Mtu aliyelelewa kuitumikia nyumba ya mfalme alianza kuwatazama raia.

Kwanza, mwaka 1898 alianzisha shule huko Seoul iliyoitwa Heunghwa. Humo vijana walifundishwa Kiingereza, Kijapani na upimaji wa ardhi. Upimaji wa ardhi si somo la fahari, lakini nchi isiyojua kupima ardhi yake hupimiwa na wageni.

Pili, aliwapendelea wale waliotaka serikali itengenezwe upya na raia wapewe sauti. Kwa ajili hiyo aliondolewa katika kazi kwa muda, kwa sababu wakubwa wengine walimwogopesha Kaisari kwamba watu hao wangempindua.

Tatu, mwaka 1902 iliundwa idara ya kuwaangalia Wakorea waendao ng'ambo na kuwapa hati za safari. Min Young-hwan akawa mkuu wake. Tarehe 13 Januari 1903 meli iliyoitwa Gaelic ilifika Honolulu ikiwa na Wakorea wa kwanza waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa ya Hawaii. Hata mwaka 1905 walikuwa wamekwenda watu 7,000 hivi. Kazi ya miwa ilikuwa ngumu na malipo madogo, lakini baadaye hao ndio waliochanga fedha kusaidia kupigania uhuru wa kwao.

Nne, mwishoni mwa mwaka 1904, wakati Ujapani na Urusi zilipokuwa zikipigana, yeye na waziri mwenzake Han Kyu-seol walimpa barua kijana mmoja aliyekuwa ametoka gerezani, wakamtuma Marekani kuomba msaada. Kijana huyo alikuwa Syngman Rhee, ambaye mwaka 1948 alikuwa Rais wa kwanza wa Korea ya Kusini. Msaada haukupatikana.

NOVEMBA 1905

Ujapani ilipomshinda Mrusi, hapakuwa na wa kuizuia. Ito Hirobumi alikuja Seoul na mkataba mkononi. Usiku wa tarehe 17 Novemba 1905 askari wa Kijapani walilizunguka jumba la Kaisari, na mawaziri wakaulizwa mmoja mmoja. Han Kyu-seol, aliyekuwa waziri mkuu, alikataa. Mawaziri watano walikubali, na mpaka leo Wakorea huwataja kama wasaliti watano. Kwa mkataba huo Korea ilipoteza haki ya kusema na mataifa mengine. Ujapani ndiyo ingesema kwa niaba yake.

Min Young-hwan hakuwa waziri wakati ule. Alikuwa mkuu wa maofisa wa kijeshi wanaomhudumia Kaisari. Naye alikuwa nje ya mji kwa shughuli ya kuhamisha kaburi la mkewe wa kwanza. Aliposikia alirudi mbio. Pamoja na mzee Jo Byeong-se, aliyewahi kuwa waziri mkubwa, na maofisa wengine, walikwenda jumbani kumwomba Kaisari aubatilishe mkataba na kuwaadhibu watano wale. Walitawanywa. Walirudi tena, wakakamatwa, kisha wakaachwa. Kaisari mwenyewe alikuwa kama mfungwa.

Alfajiri ya tarehe 30 Novemba Min Young-hwan alijitoa uhai. Kesho yake Jo Byeong-se naye alikufa kwa mkono wake mwenyewe.

Katika nguo zake zilikutwa kadi zake za jina, zile ambazo afisa humpa mgeni anapomtembelea. Juu ya kadi hizo ndogo alikuwa ameandika maneno ya kuaga. Aliwaandikia mabalozi wa nchi za nje walioko Seoul, akiwasihi wazieleze serikali zao jinsi Korea ilivyodhulumiwa. Na aliwaandikia wananchi wenzake milioni ishirini. Aliwaomba radhi, akawahimiza wajitie nguvu, wasome kwa bidii na kuungana, ili siku moja wapate uhuru wao.

Tulinganishe, wasomaji. Mwaka 1882 baba alipelekewa malalamiko ya askari wenye njaa, akaagiza wakamatwe. Mwaka 1905 mwana aliandika maneno yake ya mwisho kwa watu wote wa nchi, mkulima na askari pamoja, akawaomba msamaha. Kati ya miaka hiyo miwili kuna safari ndefu kuliko ile ya kuizunguka dunia.

JAMAA WALIOBAKI

Aliacha mama mzee, mke, Park Su-yeong, na watoto ambao walikuwa wangali wadogo. Mdogo wake, Min Young-chan, ambaye aliiwakilisha Korea katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900, alikuwa balozi huko Ufaransa. Desemba 1905 alikwenda Washington kuonana na Elihu Root, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, ili ateteee nchi yake. Hakufaulu, kwa kuwa Marekani ilikuwa imekwisha kuamua kuondoa ubalozi wake Seoul.

Mwaka 1906 magazeti ya Seoul yaliandika kwamba katika chumba kilimowekwa nguo za marehemu zenye damu pameota mianzi. Watu walimiminika kuitazama. Walihesabu majani yake, wakasema ni arobaini na matano, sawa na miaka ya marehemu kwa hesabu ya Kikorea, ambayo humhesabia mtoto mwaka mmoja siku anapozaliwa. Mwanzi kwao ni alama ya mtu asiyepindika. Sisi wanafunzi wa sayansi twajua kwamba mizizi ya mianzi hutambaa mbali chini ya ardhi na kuchomoza mahali pasipotazamiwa. Lakini kwa watu waliopokonywa nchi, mianzi ile ilikuwa faraja. Jamaa zake waliificha miaka yote ya utawala wa Kijapani, na sasa imehifadhiwa katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Korea huko Seoul, pamoja na kadi yake ya kuaga.

Mwaka 1910 Ujapani iliimeza Korea kabisa. Uhuru ulirudi Agosti 1945. Mwaka 1946 mtaa mmoja wa Seoul, uliokuwa umeitwa kwa jina la balozi wa Kijapani, ulibadilishwa ukaitwa Chungjeongno, kwa jina la heshima alilopewa Min Young-hwan baada ya kufa.

TUMHUKUMUJE?

Wako watakaosema kwamba kifo chake kilifuta yote. Mimi sisemi hivyo. Kifo hakirudishi mchele ghalani, wala hakimrudishii mkulima kodi aliyotozwa. Tena hakikumrudishia mama yake mwana, wala watoto wale baba. Siku zile na katika nchi ile afisa aliyeona dola imeanguka alihesabu kufa kuwa heshima. Sisi hatuna sababu ya kuiga. Nchi iliyo taabuni huwahitaji watu wake wakiwa hai, na Korea ilimhitaji mtu aliyeijua dunia kama yeye.

Malipo yake ya kweli nayaona mahali pengine: katika shule, katika hati za safari za maskini waliokwenda Hawaii, katika barua aliyompa kijana aliyetoka gerezani. Hayo aliyafanya akiwa hai, na mengi yalizaa matunda alipokuwa hayupo.

Basi swali letu la kwanza nalijibu hivi: deni la nyumba halilipwi na mwana kwa niaba ya baba, maana waliodhulumiwa wengi wamekwisha kufa. Lakini mwana aweza kuacha kuliongeza, na aweza kuugeuza uso wake kwa watu ambao nyumba yake iliwapa kisogo. Wengi wetu tutakuwa makarani, waganga, walimu, watunza ghala na mabwana shamba. Huenda hakuna atakayetumwa Moscow. Lakini kila mmoja atapewa gunia alinde, na ndani ya gunia hilo kuna mshahara wa mtu mwingine.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Eleza undugu wa Min Young-hwan na Kaisari Gojong.
2. Kwa nini mchele wa mwaka 1882 uliiletea Korea majeshi ya nje?
3. Ni haki kumkumbuka shujaa bila kutaja mashtaka yaliyotolewa juu yake? Toa sababu.
4. Katika kazi alizozifanya baada ya mwaka 1897, ipi iliwafaa raia zaidi?